Kile kikombe mezani kwa Daenerys: kosa, au dokezo la sumu?

*"Shikamoo dada. Tuko watu watano, tunakutana kila Jumapili jioni kwenye saluni ya kunyolea ya mwenzetu hapa Buzuruga. Mwaka huu tumerudia tamthilia ya Game of Thrones tangu mwanzo, na tulipofika msimu wa 8 ndipo ugomvi ulipoanza. Mwenzetu mmoja anasema kile kikombe cha kahawa cha kisasa kilichoonekana mezani kwa malkia Daenerys, kwenye karamu ya ngome ya Winterfell, hakikusahauliwa. Anasema kiliwekwa makusudi kutudokezea kwamba mshauri wake Varys atamtilia sumu, maana sehemu inayofuata Varys anajaribu kweli. Mwingine anaapa hakuna kikombe kabisa, ametazama mara tatu kwenye simu yake. Wakawekeana shilingi 50,000, na pesa ninazo mimi. Hatujatulia, akaja wa tatu na picha ya Jaime ana mikono miwili mizima wakati mmoja ulikatwa. Anasema yule si Jaime, ni Arya, yule msichana anayevaa nyuso za watu, amevaa uso wake. Halafu ile vita ya usiku, kwa nini giza vile, walikuwa wanaficha nini? Na chupa ya maji ya sehemu ya mwisho ina maana gani? Wawili sasa hawasalimiani, na mmoja ni shemeji yangu. Wewe ni mtu wa kazi hizo, tuamulie. Wabeja."*

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na naona kinachokukera zaidi si kikombe. Watu wawili uliozoea kukaa nao Jumapili hawasalimiani, pesa zao umezishika wewe, na ukiamua upande wowote utaonekana umempendelea au umemwonea shemeji. Nitajibu yote. Ila nitataja mambo ya mwisho wa tamthilia, kwa hiyo kama kuna mwenzenu aliyebaki nyuma, msimsomee.

Tuanze na yule anayeapa kwamba hakuna kikombe. Anasema kweli. Na aliyekiona naye anasema kweli. Sehemu ile, ya 4 katika msimu wa 8, ilirushwa Marekani usiku wa tarehe 5 Mei 2019. Kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu. Watazamaji wakakiona kikombe, picha ikazunguka dunia, na siku mbili baadaye HBO, wenye tamthilia, walikuwa wamekwisha kukifuta kwa kompyuta kwenye faili lao la mtandaoni. Tangu hapo kuna sehemu ya 4 mbili zinazotembea duniani, moja ina kikombe na nyingine haina. Anayetazama mtandaoni kwa kulipia anapata iliyosafishwa. Aliyeingiziwa muvi kwenye flashi kibandani huenda ana faili lililopakuliwa usiku ule ule wa kwanza, na kikombe kimekaa humo miaka yote hii. Waulize tu kila mmoja alitazama wapi. Nina hakika kubwa utakuta mmoja simu na bando, mwingine flashi.

Sasa swali lenyewe. Ni kosa. HBO walikiri wenyewe, kwa utani kidogo, kwamba kahawa ile ilipita kwa bahati mbaya na kwamba Daenerys alikuwa ameagiza chai ya mitishamba. Baadaye mwaka huo huo Emilia Clarke, aliyecheza Daenerys, alisimulia kwenye televisheni ya Marekani kwamba Conleth Hill alimwambia anadhani kikombe kilikuwa chake. Na Conleth Hill ndiye aliyecheza Varys. Najua rafiki yako akisikia hilo ataruka: "Si niliwaambia? Varys!" Mwombe akae kwanza, maana sadfa hiyo ni tamu mno na inastahili kuchambuliwa taratibu.

Kuna dhana inayowapotosha watu wengi wenye akili nzuri. Wanasema kazi ya mamilioni ya dola, iliyopita mikononi mwa mamia ya watu, haiwezi kusahau kikombe; kikionekana, kimewekwa. Mimi kazi yangu ni kusimamia mwendelezo. Nakaa karibu na kamera nikiwa na daftari na simu ya kupigia picha, naandika shati lilifungwa vifungo vingapi, maji ya kwenye glasi yaliishia wapi, mhusika alisukuma mlango kwa mkono upi. Wingi wa watu hauzuii kosa. Mara nyingi ndio unaolipitisha, kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake ya kuangalia. Wa taa anaangalia taa, wa sauti anasikiliza sauti, wa nywele anaangalia nywele, na mwongozaji macho yake yako kwenye uso wa mwigizaji. Kikombe kilichokaa kati ya vyombo na mishumaa hakina mtu wa kukitazama, isipokuwa mmoja au wawili kama mimi, ambao saa hiyo hiyo wana vitu mia vingine.

Halafu elewa kwamba sini haipigwi mara moja. Karamu unayoiona kwa dakika chache imeshonwa kutoka vipande vilivyopigwa kwa saa nyingi. Kamera inapiga upande huu, taa zinahamishwa, inapiga upande ule, wanarudia teki ya sita, ya saba. Katikati watu wanapumzika, wananyoosha mgongo, wanakunywa kitu cha moto. Wanaitwa haraka warudi kukaa. Mtu anatua alichoshika pale alipo, akisema moyoni atakiondoa sasa hivi.

Ukitaka kuliona jambo hili bila kwenda Ulaya, chukua video ya harusi yoyote ya hapa Mwanza na utazame soda za meza kuu. Bwana harusi ana soda iliyojaa. Anacheka, soda iko nusu. Anafuta jasho, soda imejaa tena. Hakuna aliyemwongezea. Mpiga video ameweka cheko la saa tatu usiku kabla ya jasho la saa mbili, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyopendeza. Kama una jirani anayehariri harusi, mwombe siku moja akae na nyinyi watano mbele ya kompyuta yake awaonyeshe jinsi vipande vinavyopangwa na kupanguliwa. Nusu saa hiyo itafanya kazi kuliko maandishi yangu yote haya.

Na usidhani mhariri haoni. Anaona, na mara nyingi anaacha makusudi. Walter Murch, aliyepata Oscar mbili kwa The English Patient, moja ya uhariri na moja ya sauti, aliwahi kupanga vigezo sita vya kuchagua mahali pa kukata picha na kuvipa uzito. Hisia alizipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10. Mwendelezo wa mahali, yaani kila kitu na kila mtu kubaki pale alipokuwa, aliupa asilimia 4. Fikiria uko mezani kwa mhariri una teki mbili. Katika moja glasi iko sahihi lakini mwigizaji amepoa. Katika nyingine glasi imehama, lakini macho yake yamejaa machozi ya kweli. Utachukua ya machozi. Nami ninayelinda glasi nitakuunga mkono.

Nikueleze kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuwaheshimu watazamaji. Tulikuwa tunapiga filamu fupi ufukweni Igombe, hadithi ya mjane wa mvuvi. Katika sini ya usiku mjane anasema mwezi ni mpevu, anauona uso wa mwanawe kana kwamba ni mchana. Nyuma yake, ziwani, tuliacha taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kama mji mwingine juu ya maji. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote tulizopata, na waliotoka mbali waliisifu. Siku ya kuionyesha, mama mmoja wa Ukerewe akauliza kwa upole: hao wavuvi wanavua nini kwenye mbalamwezi? Nikanyamaza. Dagaa wanafuata mwanga wa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina mvuto, mitumbwi ya dagaa inabaki nchi kavu. Sisi tulipiga usiku wa giza ili tuzipate taa, tukasahau maneno ya mjane. Nimekulia hapa na nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Lakini sikiliza kilichofuata. Kijana mmoja alisimama akasema hapana, si kosa: zile taa ni roho za waliozama, ndiyo maana zinaonekana usiku ambao hakuna mvuvi. Ukumbi ukapiga makofi. Ilikuwa nadharia nzuri kuliko filamu yenyewe, na ilikuwa ngumu kwangu kumwambia kwamba hatukuwaza hivyo hata kidogo. Ndiyo maana simcheki rafiki yako wa kikombe. Akili ya binadamu haipendi kitu kisicho na sababu. Ikikuta shimo kwenye hadithi inalishona, na walio hodari zaidi wa kushona ndio wanaoipenda hadithi zaidi.

Basi dokezo la kweli tunalijuaje? Mimi husema dokezo lina mwenyewe. Kuna mtu aliyeligharamia, na hadithi yenyewe inalitazama. Rudini kwenye sehemu ya 5, mwanzoni kabisa. Varys anaandika barua. Anaingia msichana mdogo wa jikoni, Martha, anamwambia kwamba malkia hataki kula. Varys anajibu kuwa watajaribu tena wakati wa chakula cha jioni. Msichana anasema anadhani askari wanamchunguza, na Varys anamtaka akumbuke alichomfundisha, kwamba hatari ikiwa kubwa na tuzo huwa kubwa. Neno sumu halikutamkwa. Ila kuna mwigizaji aliyetafutwa, akavishwa, akaandikiwa maneno, kamera ikamfuata, na Varys akaongea naye kwa sauti ya chini. Hilo ni dokezo, na limekaa pale pale mahali pa jambo lenyewe, Dragonstone, ngome ya Daenerys. Kikombe kilikuwa Winterfell, kwenye ngome nyingine. Hakuna aliyekitazama, hakuna aliyekinywea, kamera haikukisogelea. Na wenyewe walipokiona wakalipa watu wakifute. Mpe rafiki yako hoja hiyo moja tu: mtu hafuti dokezo lake mwenyewe.

Wazee wetu walilijua hili bila kamera. Umesikia kisa cha Kisukuma cha Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we aliyemeza watu wote. Mtoto anaua panzi, anamletea mama yake, anauliza kama huyo ndiye Shing'weng'we. Siyo. Analeta ndege. Siyo. Analeta mnyama mkubwa zaidi. Bibi anayesimulia anarudia swali lile lile kila mara, na wewe uliyekaa jikoni unajua kwamba kinachorudiwa kinaelekea mahali. Akiruka ndege mmoja kwa usingizi, mjukuu anamkumbusha na kisa kinaendelea. Hakuna anayesema ndege aliyerukwa ndiye siri ya kisa.

Mfano bora kuliko wote kwenye tamthilia yenu uko msimu wa 1, sehemu ya 2. Ned Stark anaagana na Jon Snow barabarani na kumwambia kwamba huenda hana jina lake, lakini ana damu yake. Mwaka 2011 hayo yalikuwa maneno ya baba kwa mtoto wa nje ya ndoa. Sehemu ya mwisho ya msimu wa 6, mwezi Juni 2016, ikatuonyesha kwamba Jon ni mtoto wa dada yake Ned, na sentensi ile ile ikasimama imara kwa maana mpya. Ana damu yake, ndiyo, ya ujombani. Ned hakusema uongo hata neno moja. Wasomaji wa kitabu cha kwanza cha George R.R. Martin, cha 1996, walikuwa wameshakisia jambo hilo miaka mingi kabla. Na Martin alipokutana na watengenezaji, David Benioff na D.B. Weiss, aliwapima kwa swali hilo hilo: mama yake Jon Snow ni nani? Walijibu vizuri. Ndiyo sababu nawaambia vijana wasiache kubuni nadharia. Wapo waliopatia, tena kwa kusoma kwa makini tu.

Hapa niweke jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Wengi wetu tumejifunza kutazama muvi kwenye mabanda umiza, zikiwa zimetafsiriwa na DJ, na huko tumebeba sheria moja: steringi hafi. Game of Thrones ilimkata kichwa Ned katika sehemu ya 9 ya msimu wa kwanza kabisa, na nakumbuka watu wazima wakisubiri wiki nzima arudi, wakiamini aliyekatwa ni mwingine. Nadharia nyingi za "yule siyo yeye" zinatoka hapo. Na kuna madokezo ambayo tafsiri haiwezi kuyabeba hata DJ awe fundi vipi. Hodor anatamka jina lake tangu 2011, na hatujui ni la nini mpaka Mei 2016, sauti ya kumwamuru ashikilie mlango, "hold the door" kwa Kiingereza, inaposagika mdomoni mwake mpaka ikabaki Hodor. Aliyetazama kwa Kiswahili aliona mtu mkubwa akifa mlangoni. Machozi aliyapata, lakini dokezo lenyewe lilikuwa kwenye mlio wa maneno, likamponyoka.

Nitamtendea haki rafiki yako wa kikombe kwa kukubali kwamba kuna wakati kinachofanana na kosa ni makusudi. Chukua tamthilia nyingine, The Witcher, msimu wa kwanza, Desemba 2019. Sehemu ya 1 malkia Calanthe anajirusha kutoka dirishani na kufa. Sehemu ya 4 yuko kwenye karamu, mzima, anacheka na kutukana wageni. Wengi walidhani watengenezaji wamechanganyikiwa. Kumbe hadithi tatu zilikuwa zikiendeshwa katika nyakati tatu tofauti bila tangazo, na walioshika daftari wakaandika nani alikuwa hai lini waliligundua mapema. Tofauti na kikombe ni kwamba Calanthe hakukaa pembeni ya picha. Kila alipotokea aliongea, watu walimjibu, na kuwa kwake hai kulibadilisha maana ya mambo mengine. Nadharia ya nyakati tatu pia ingeweza kushindwa: kama sehemu ya 5 au ya 6 ingemweka mtu mahali asipoweza kuwepo, ingeanguka. Muulize mwenzako: ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba kikombe ni kikombe tu? Kama hakuna, hapo hatubishani tena juu ya tamthilia.

Jaime ni rahisi, nitapita haraka. Mkono wake wa kulia ulikatwa msimu wa 3, mwaka 2013. Ile picha mnayoonyeshana ilitolewa kutangaza sehemu ya 5 ya msimu wa 8. Haimo ndani ya sehemu yenyewe. Tazameni sini yenyewe anapomkumbatia Cersei, dada yake pacha, mkono wa dhahabu upo. Picha ya matangazo inaweza kupigwa kabla vifaa vyote havijavaliwa, au kabla watu wa kompyuta hawajaigusa. Mwaka 2022, kwenye House of the Dragon, tamthilia iliyozaliwa na hii, jambo la aina hiyo liliingia mpaka kwenye sehemu iliyorushwa: Mfalme Viserys alitakiwa awe amepoteza vidole viwili, na katika picha moja vikaonekana vimefunikwa kitambaa cha kijani ambacho kompyuta ilipaswa kukifuta. Na Arya, wakati Jaime yuko chini ya ngome, tunamwona akikimbia kwenye moto wa mji. Hawezi kuwa pande mbili.

Kuna pia ushahidi unaoletwa kutoka vitabuni. Mtu atawaambia Cersei alitabiriwa kuuawa na mdogo wake wa kiume, na kwa hiyo Jaime angemnyonga. Utabiri huo umo kitabuni. Tamthilia ilipoonyesha Cersei akiwa msichana kwa mganga, msimu wa 5, kipande hicho hawakukiweka. Kitabu na tamthilia ni ndugu, ila kila mmoja anajibu kwa kesi yake.

Na yapo mambo ambayo hayamo kwenye kundi la makosa wala la madokezo. Msimu wa 7, sehemu ya 6: Gendry anakimbia mpaka ukutani, kunguru anaruka hadi Dragonstone, Daenerys anaruka na majoka hadi kaskazini, na wote wanawahi wenzao wakiwa bado wamesimama kwenye kisiwa cha barafu. Ni sawa na mtu kupanda MV Victoria jioni pale bandarini na kukuambia alikula chakula cha usiku Bukoba, wakati kila anayesafiri njia ile anajua unaamkia huko. Mwongozaji, Alan Taylor, alikiri kwamba walijua muda umevutwa, wakategemea mwendo wa hadithi uwabebe watazamaji. Waliamua hivyo wakijua. Unaweza kusema waliamua vibaya, mimi nasema hivyo, lakini usitafute kunguru wa ajabu.

Sasa giza. Hawakuwa wanaficha. Vita ile, sehemu ya 3, ilirushwa tarehe 28 Aprili 2019 baada ya kupigwa kwa usiku 55, na mpiga picha mkuu, Fabian Wagner, alisema walitaka iwe na giza na kwamba tatizo kubwa lilikuwa runinga zilizopangwa vibaya na jinsi faili lilivyobanwa wakati wa kurushwa. Mimi sikubaliani naye kabisa, maana anayepika anapaswa kujua wageni watakula kwa sahani gani. Lakini kuhusu kubanwa yuko sahihi, na hapa kwetu tatizo linazidi. Programu inayobana video hutafuta sehemu ambazo jicho halitagundua kitu kikipunguzwa, na mojawapo ni tofauti ndogo ndogo ndani ya giza: kati ya nyeusi na nyeusi kidogo. Zikitupwa, koti, farasi na usiku vinakuwa kitu kimoja, na badala ya moshi unaona mabaka kama ramani. Faili lenu la flashi limebanwa, kisha likabanwa tena ili liingie na wenzake arobaini. Mnachokitazama ni mabaki ya picha.

Na mnakitazama saluni! Vioo pande zote na taa za tyubu. Kwa sehemu ile moja, zimeni taa, funikeni kioo kinachoitazama runinga kwa khanga, na kwenye runinga chagueni mpangilio wa sinema badala ya ule wa rangi kali wa dukani. Tafuteni faili kubwa zaidi au tazameni kwa kulipia. Mtaona mambo mapya. Ila kama hata taarifa ya habari ina upande mmoja mweusi au doa lisilohama, hilo halihusiani na Winterfell: huenda taa za ndani ya runinga zimeanza kufa. Mpelekeeni fundi wa runinga aitengeneze, na msifungue mgongo wenyewe, kwa sababu ndani kuna vifaa vinavyoshika umeme hata waya ukiwa umechomolewa.

Nirudi kwa shemeji. Rudisha pesa, kila mmoja achukue zake. Hilo ndilo la haki, kwa kuwa kipo na hakipo vilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na ukimpa mmoja utakuwa umemwadhibu mwingine kwa kuwa na faili tofauti. Usifanye hivyo kwa ujumbe wa simu. Nenda kwa shemeji nyumbani, kisha mlete kwa mwenzake, muweke simu na runinga pamoja, sehemu ile ile, dakika ile ile, waone kwa macho yao. Nimewahi kuona watu wawili wakicheka papo hapo. Lakini kama utaona wanaendelea kununiana hata baada ya hapo, basi kikombe kilikuwa kisingizio na kuna jambo lingine kati yao ambalo mimi wa filamu siwezi kulitatua kwa maandishi. Mtafuteni mkubwa wanayemheshimu wote wawili akae nao.

Ile chupa ya maji iko karibu na mguu wa Samwell Tarly, kwenye baraza la wakuu, sehemu ya 6. Baraza lile lilipigwa Itálica, magofu ya Kirumi karibu na Sevilla, kusini mwa Hispania, na wote walikuwa wamevaa manyoya na ngozi juani. Walikuwa na kiu.